Vidonge Viwili Nilivyovitenganisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo mnaniona nimesimama mbele yenu na viatu miguuni, vyote viwili. Waliokuwa wakinicheka kwa kuja ibadani na kiatu kimoja na kandambili moja, nawasamehe. Hamkujua, na mimi sikutaka mjue.

Mimi ni katibu wenu hapa Mbulumbulu, na kazi ya katibu ni kuandika jambo kama lilivyotokea. Liko moja ambalo sikuliandika sawasawa. Nimekuja kulirekebisha.

Mnakumbuka ushuhuda wangu wa kwanza. Nilikuwa nimekonda, nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na usiku silali kwa kwenda chooni. Kliniki ya Karatu wakanipima, wakaniambia ni kisukari, kile kinachowapata zaidi watu wazima. Nikapewa kidonge cha aina moja, nikapunguza ugali na chai tamu, sukari ikashuka. Nikasimama hapahapa nikasema, "Kisukari kimepiga magoti!" Mkapiga vigelegele. Nilivipenda vigelegele vile, ndugu zangu. Nakiri.

Baada ya muda sukari ikaanza kupanda tena, ingawa kidonge nilikuwa nameza. Daktari akaniongezea cha pili. Alieleza vizuri kwamba ugonjwa huu hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, na kwamba kila kidonge kina kazi yake: kimoja kinalizuia ini kumwaga sukari ovyo, kingine kinalisukuma kongosho litoe insulini. Nikaitikia, "Sawa, daktari." Lakini moyoni nilikuwa na maneno mengine. Mtu aliyeshuhudia ushindi, sasa anameza aina mbili? Watasema imani imepungua. Tena kile cha kwanza kilikuwa kinanisumbua tumbo. Nikaamua mwenyewe kwamba cha kwanza kimeshindwa, na cha pili kimekuja kushika nafasi yake. Pakiti za cha kwanza nikazificha kabatini, nyuma ya madaftari ya kanisa.

Ikaja palizi ya maharage. Nilishinda shambani ndani ya gambuti. Jioni mke wangu, Mama Emanueli, akaniuliza, "Baba Emanueli, mbona soksi yako nyekundu?" Nikatazama. Kulikuwa na kijiwe ndani ya gambuti, kidogo kama punje ya mahindi, kimenichimba chini ya kidole gumba tangu asubuhi. Sikusikia maumivu yoyote! Damu haikunitisha, ndugu zangu. Kutosikia ndiko kulikonitisha.

Kidonda kikakataa kupona. Kikaanza kunuka. Siku ya kurudi kliniki, mke wangu alikuwa akitafuta kadi yangu kabatini, akavuta madaftari, pakiti zikamwangukia miguuni. Alizitia zote kwenye mfuko pamoja na pakiti za cha pili, akanifuata mpaka Karatu, akaziweka mezani kwa muuguzi. Za cha pili zilikuwa zimebaki maganda. Za cha kwanza hazijaguswa.

"Mzee, hizi unamtunzia nani?" muuguzi akauliza.

Nikaanza kujitetea. Mke wangu akanikatiza.

"Baba Emanueli, ukienda kulima unachukua ng'ombe mmoja, mwenzake unamwacha zizini?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mmoja haliwezi plau."

"Haya. Mweleze dada muuguzi."

Muuguzi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Daktari alipokiona kidonda hakucheka. Alisema sukari imeua hisia za miguu, na tukiendelea hivi kidole kitakatwa, na huenda mguu ukafuata.

Tangu siku hiyo nameza vyote viwili. Cha kwanza nakimeza pamoja na chakula, na tumbo limetulia. Cha pili nimeonywa nisikimeze kisha nikakaa na njaa, maana sukari inaweza kuanguka mno, mtu akatetemeka hata akazimia. Kwa hiyo siku za mfungo nitaomba pamoja nanyi, lakini nitakuwa nimekunywa uji. Msinitazame vibaya! Kidonda kilisafishwa, wiki baada ya wiki. Kilifunga polepole kuanzia pembeni, na vipimo vya sukari vikashuka. Kidole changu ninacho. Asante, Bwana!

Ningeweza kukaa chini sasa. Lakini nilipokuwa bado nachechemea, Mama Rebeka alikuja kunijulia hali. Mnamjua, ni yule anayeketi pale mstari wa tatu, na amenipa ruhusa niseme. Aliniambia, "Katibu, mimi dawa zangu za kisukari niliziacha siku ile uliposhuhudia. Nikasema, kama kwako kimepiga magoti, na kwangu kitapiga. Sasa kitabu cha nyimbo sikioni vizuri, na kliniki naogopa kugombezwa."

Nikamwambia tutakwenda pamoja.

Ndugu zangu, sijapona. Ninatunzwa. Aliyenitunza kwa mikono ya muuguzi na ulimi wa mke wangu ni Mungu yuleyule mliyemshangilia siku ile. Mtumainini, na dawa zenu mzimeze kama mlivyoelekezwa.

Alhamisi ni siku ya kliniki. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa njia panda na Mama Rebeka. Kama nawe umeficha pakiti nyuma ya kitu, njoo nayo. Akigombezwa mtu, nitagombezwa mimi kwanza, nimeshazoea.

Leo msinipigie vigelegele. Vitunzeni mpaka tumrudishe Mama Rebeka kliniki.