Mazishi Yaliyosubiri Mpunga

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Idamise Presumé. Narudia jina kwa wale mnaosikiliza mkiwa juu ya pikipiki: Idamise Presumé, mkulima wa mpunga wa Uwanda wa Maribahoux, hapa hapa nje ya Ouanaminthe. Wengi mlimwita Shangazi Da. Tumemzika Ijumaa iliyopita. Na wengi wenu mlikula wali wake siku hiyo, kwa hiyo msijifanye hamumjui.

Nianze na jambo moja, ili mjue tunakoelekea. Shangazi Da aliapa kwamba siku ya mazishi yake hakuna mtu atakayekula punje ya mchele kutoka nje. Aliapa mbele ya watu, tena wakati ambapo karibu kila jiko la Haiti linapika mchele wa magunia yenye bendera za wenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo nawasimulia kiapo hicho, na kilivyoishia.

Alizaliwa mwaka 1951, kando ya mto unaotutenganisha na Jamhuri ya Dominika. Mama yake alikuwa akivuka mto ule kwa miguu, maji yakimfika magotini, kapu kichwani, kwenda kuuza Dajabón, upande wa pili. Ndani ya kapu mlikuwa na nini? Mchele. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Siku hizo kapu la mchele lilitoka kwetu kwenda kwao.

Mmoja wa wateja wa mama yule alikuwa na binti, jina lake Nereida, umri mmoja na Idamise. Wasichana hao wawili walikutana mlangoni, mama zao wakibishania bei, na urafiki wao haukukatika tena. Nyumba zote mbili zilikuwa za mbao na majani. Wote wawili walilala na njaa ya aina moja. Wasomi wanatuambia kwamba miaka ile ya sitini, mapato ya mtu wa huku na mtu wa kule yalikaribiana sana. Shangazi Da alisema hivyo kwa maneno yake: "Mimi na Nereida tulikuwa tunaazimana kandambili. Mtu mnayeazimana kandambili hajakupita."

Halafu nchi mbili zikaanza kwenda mwendo tofauti.

Huko kwao yakajengwa mabwawa. Mto wetu mmoja ukachimbiwa mifereji kuelekea mashamba yao, uwanda wao ukawa kijani mwaka mzima. Nyumba ya Nereida ikapata ukuta wa matofali, kisha umeme, kisha jokofu. Huku kwetu uwanda ulikuwa kijani mvua ikinyesha, na mvua ikikataa, ulikuwa rangi ya mkate. Idamise akampa Nereida mtoto wake wa kwanza, Ylande, amsimamie ubatizo. Kwetu, mwanamke aliyesimamia ubatizo wa mwanao humwiti rafiki tena, ni makomè wako. Na Wadominika nao wana neno hilo hilo, kasoro matamshi. Kwa hiyo wakaitana makomè, na kila siku ya soko wakatupiana maneno juu ya meza ya vitunguu.

"Makomè, nyumba umeipaka rangi, au na mumeo umempaka? Maana naye naona anang'aa."

"Wewe je, bado na paa lile lile? Linavuja?"

"Halivuji. Linatuogesha."

Siku moja Nereida alisema neno lililomchoma. Alisema, "Makomè, sisi tuliamka mapema. Ninyi mmelala mno."

Idamise aliweka kitunguu chini. "Hatukulala," alimwambia. "Tuliwalipa Wafaransa deni la kununua uhuru wetu wenyewe, babu mpaka mjukuu. Wageni wengine wakatuulia nguruwe wetu weusi, waliokuwa akiba ya kila mkulima, kwa hofu ya homa. Wakatufungia bandari. Na wakubwa wetu wenyewe wakala kilichobaki. Mtu aliyepigwa rungu usimwite msinzizi."

Wiki iliyofuata Nereida alileta sare ya shule ya Ylande, ameishona kwa kitambaa cha pazia lake la sebuleni. Ylande anakumbuka mpaka leo. "Nilikuwa mtoto pekee darasani mwenye sketi yenye maua upande wa ndani," aliniambia.

Kisha ikafika katikati ya miaka ya tisini. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo tulipoachana kabisa. Wenzetu waliuzuia mchele wa nje kwa ushuru, ili mkulima wao apate soko. Sisi tuliambiwa tuushushe ushuru wetu, na tukaushusha mpaka karibu ya sakafu. Mchele wa kigeni ukaingia kama mafuriko. Ulikuwa rahisi kuliko wetu. Anélus, mume wa Shangazi Da, alivuna mpunga akaupeleka sokoni, akarudi nao. Mwaka uliofuata akaacha kulima. Akavuka mto kwenda kuvuna mpunga wa Wadominika kwa ujira wa kutwa. Mikono ile ile, mto ule ule, wali kwa wenyewe.

Anélus alifia huko, shambani kwa watu. Siku ya mazishi yake nyumba haikuwa na kitu cha kuwapa waombolezaji. Nereida akafika na gunia la mchele wa kwao juu ya mkokoteni, akaingia jikoni, akafunga kitambaa kichwani, akapika mwenyewe. Huo ni wema, wasikilizaji wapendwa, na Shangazi Da aliuita wema hadi mwisho. Alikula na akashukuru. Halafu akasimama, kijiko mkononi.

"Asanteni kwa kuja kumzika Anélus," alisema. "Asante, makomè. Sasa nisikilizeni. Mume wangu alikuwa mkulima wa mpunga, na amezikwa kwa mchele wa watu. Mimi sitazikwa hivyo. Siku yangu, mtakula mchele wa shamba langu, au hamtakula."

Binamu yake, Dieufort, fundi wa baiskeli, ambaye ulimi wake mnaujua, alisema kwa sauti, "Basi Dada Da, mimi nitakuja na biskuti mfukoni!"

Watu wakacheka. Hata mjane akacheka. Lakini kiapo hakukitengua.

Kwa miaka mingi kikabaki maneno tu. Alipanda mihogo na mbaazi, kwa kuwa mpunga hauishi kwa ahadi, unaishi kwa maji. Mwanawe Wilner, anayejenga maghorofa ya watu huko Santiago, upande wa Dominika, alimwomba auze shamba. Alikataa. Akamwomba tena. "Ukitaka niliuze," alimjibu, "njoo uniuze pamoja nalo."

Kisha ukaja ule mwaka wa mfereji, 2023. Hamhitaji kusimuliwa, mlikuwepo. Watu wetu walianza tena kuchimba mfereji uliokuwa umekwama, wa kuleta maji ya mto uwandani kwetu. Wenzetu wakafunga mpaka. Nasi tukaendelea kuchimba. Wakaja watu kutoka kila upande na mawe, na saruji, na ngoma. Huo ndio konbit, ujima wetu: shamba la mmoja hulimwa na wote, na safari hii shamba lilikuwa nchi. Shangazi Da alikuwa amepita umri wa kubeba mawe, lakini aliyabeba. Wakimwambia apumzike, anasema, "Nitapumzika kwa muda mrefu sana, msiwe na haraka."

Wilner akapiga simu. "Mama, punguzeni kelele za mfereji. Mimi huku ndiye nitakayefukuzwa."

"Wakikufukuza," alisema mama yake, "njoo na jembe."

Na Nereida naye akapiga. "Makomè, mtatukaushia mto!"

"Ninyi mmeunywa kwa mirija miaka yote hii. Sisi tumeleta kikombe kimoja tu, unapiga mayowe?"

Simu ikakatwa. Miezi ikapita bila neno, kwa wanawake ambao hawakuwahi kunyamaziana hata wiki. Lango la mpaka lilipoanza kufunguliwa tena siku za soko, mchuuzi mmoja wa vitunguu saumu alimletea Shangazi Da mfuko wa mbegu za mpunga. Ulikuwa na salamu za mdomo tu: "Mwambie hii inataka maji mengi. Na mwambie bado nimekasirika."

Shangazi Da alicheka hadi akakaa chini. Akazipanda.

Wasikilizaji wapendwa, maji yalifika. Shamba lake lilisimama kijani. Alikuwa akitembea kingoni kila asubuhi kama anayekagua gwaride. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Mpunga ulipochanua, yeye akalala kitandani. Ylande alimletea suke moja. Aliling'ata kwa meno yaliyobaki, akatema kidogo kiganjani. "Bado ni maziwa," alisema. Kisha akamtazama binti yake kwa ukali. "Msithubutu."

Akatutoka alfajiri, mpunga ukiwa bado haujakomaa.

Sasa mnaijua desturi yetu. Maiti hukaa nyumba ya baridi akimsubiri mtoto aliye ng'ambo, visa yake, ndege yake. Tunasubiri hata mwezi, hakuna anayeshangaa. Ylande alikwenda kwa mwenye nyumba ya maiti, akamwambia watasubiri.

"Mnamsubiri nani? Wilner?"

"Tunasubiri mpunga."

Mzee yule alivua miwani. "Mama, nimeshaona maiti wakisubiri visa. Maiti wa kusubiri mpunga ndio kwanza namsikia."

Wilner alipandwa na hasira kwenye simu. "Ylande, acha mchezo. Nitatuma magunia matatu leo. Tumzike Mama kama watu."

"Kama watu gani?" Ylande akauliza.

Mashine ya baridi inakula dizeli. Nataka kuwataja waliosaidia, kwa sababu wema usiotajwa huota ukungu. Vijana wa pikipiki wa njia panda walileta dizeli kwa vidumu, kila mmoja kidogo. Wanawake wa soko la vitunguu waliwapikia wafiwa mihogo na ndizi, siku zote zile, na wali hawakuugusa. Ndege waliposhambulia masuke, jirani ambaye hakuwa na maelewano na marehemu juu ya mbuzi wake alikwenda kusimama shambani na debe, analipiga kutwa. Alipoulizwa, alisema, "Mbuzi ni mbuzi, kiapo ni kiapo."

Wingu likatanda. Ylande akang'ata suke. Halikuwa maziwa tena, lilivunjika kwa mlio. Ngoma ikalia siku hiyo hiyo, konbit ikaingia shambani, na aliyeongoza mstari kwa mundu alikuwa Dieufort, mwenye biskuti zake. Wakakata, wakapiga, wakaanika barabarani juu ya maturubai. Magari yakapita pembeni. Wakatwanga, wanawake wakapepeta. Mvua ikaja, ikakuta mchele umo ndani.

Ylande alichagua Ijumaa kwa makusudi. Ijumaa ni siku ya soko, na siku ya soko lango hufunguliwa. Nereida alivuka akiwa na fimbo yake. Kwa mara ya kwanza katika misiba yetu yote, alikuja mikono mitupu. Mlangoni alisema, "Leo sikuleta kitu, mwanangu. Nimekuja kula."

Shamba lile si kubwa. Wali wa maharage ulikuwa kijiko kimoja kwa mtu, na sufuria ilikwanguliwa mpaka ikaimba. Lakini hakuna punje iliyotoka nje. Narudia kwa wasiokuwepo: hakuna punje moja iliyotoka nje. Dieufort alikula kijiko chake akiwa amesimama. Kisha akatoa pakiti ya biskuti mfukoni, kweli alikuwa nayo, akaenda kuiweka juu ya kaburi, akasema, "Umenishinda, Dada Da."

Ylande alikuwa ameficha kopo moja la mchele mbichi. Alimpa Nereida. Na Nereida mwenyewe amenipigia simu jana kunisimulia kilichotokea kwenye daraja la mpakani.

Askari wa kwao alimuuliza, "Bibi, umebeba nini?"

"Mchele."

"Wa wapi?"

"Wa Haiti."

Yule kijana akacheka. "Tangu lini Haiti wakatuletea mchele?"

"Tangu kabla mama yako hajazaliwa," Nereida alimwambia. "Walipumzika kidogo. Nipishe."

Akapishwa.

Kwa Ylande, kwa Wilner na kwa wajukuu wote, redio hii inatoa pole. Kwako Bibi Nereida, huko ng'ambo ya mto, pole nyingi zaidi, maana kuzika makomè, rafiki wa miaka sitini, ni kuzika nusu ya ulimi wako. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkifungua gunia jikoni leo jioni, someni limeandikwa limetoka wapi. Msikasirike na chakula, kuleni. Halafu nendeni mkatazame shamba mnalotaka kuliuza.

Maji yapo. Shamba la Shangazi Da limepandwa tena. Wilner amerudi juzi. Hakuwahi mazishi, lakini amekuja na jembe.