Shavu Langu la Kulia

Sifa zimwendee Bwana, ndugu zangu wa Kashebere. Ushuhuda huu nimeuandika mara tisa, maana mnanijua: kitu kisiponyooka, silali.

Nilizaliwa na alama nyekundu kama divai, toka jicho la kulia mpaka kidevu. Tate, mama ya mama yangu, aliichanja kwa wembe ili damu mbaya itoke. Alama ikabaki, na makovu matatu juu yake. Nilipojifundisha kinanda kwa simu, nikakiweka kanisani ubavuni kwa ukuta wa mbao, shavu hilo liuelekee. Mlifikiri ni kwa sababu ya waya wa umeme. Nilikuwa najificha, miaka sita.

Kisha Mama mmoja, muuguzi wa kule Mubi, akaniambia kuna hospitali mjini inayotibu alama kama yangu kwa mwanga wa leza. Nikasoma kila kitu. Mwanga ukizidi nguvu unaunguza, ukipungua haufanyi kitu. Niliogopa kovu la nne, lakini nikaenda.

Kwanza ilibidi wapige picha ya mishipa ya damu chini ya ngozi. Asubuhi hiyo nilijiosha kwa maji ya moto, nikasugua shavu mpaka likang'aa. Nilitaka hata mashini inikute safi. Fundi wa picha akaweka kamera, akatazama kioo cha mashini, akacheka.

"Dada, ulisugua nini hapa, sufuria?"

"Niliosha tu, Papa."

"Uliamusha mishipa yote! Sasa nitajuaje yenye iko ya alama na yenye ulichokoza weye? Rudi kesho. Na usioshe vizuri."

Ndugu zangu, sijawahi kupewa amri ngumu vile. Kesho yake nilivuka mji mzima bila poda ya kuficha alama, uso umeguswa na maji baridi tu. Hakuna aliyekimbia. Picha ikatoka wazi: mishipa myembamba shavuni, minene na ya ndani karibu na sikio. Daktari akaifuata, akapanga nguvu ya leza kila sehemu.

Leo, baada ya vikao vinne vya leza, shavu limefifia. Karibu na sikio bado jekundu, na makovu ya Tate yapo. Lakini namshukuru Mungu, maana alinifungua tangu asubuhi ile njiani, kabla ya leza. Yeye anaona chini ya ngozi. Wewe unayejisugua kwanza ndipo umwendee, acha. Nenda ulivyo.

Jumapili mtakuta nimegeuza kinanda. Shavu la kulia litakuwa upande wenu.