Nguo Lazima Ivaliwe

Benchi lile limeegemea ukuta wa kinyozi, ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na wenyewe hukaa kwa mpangilio usiobadilika. Kilomita, dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo, upande wa jua. Mwalimu mstaafu katikati, birika la kahawa likiwa miguuni pake. Wembe, kinyozi mwenyewe, karibu na mlango wake ili amwone mteja akija. Na Gundi, fundi viatu, kivulini, na sanduku lake la misumari. Hapo ndipo dunia hutengenezwa upya kila alasiri, ikaharibika tena kabla kahawa haijapoa. Siku hiyo Gundi alichelewa, na alipofika hakufungua sanduku.

Alikuwa ametoka kusoma simu ya binti yake.

Binti huyo ana miaka ishirini na mitatu, na kazi yake ni kushona. Nguo zake huziuza kwenye kundi la mtaa la simuni, Soko Letu, ambalo msimamizi wake ni Mwalimu na wanachama wake ni mtaa karibu mzima. Kundi lina kanuni moja isiyo na msamaha: nguo haiwekwi sokoni ikiwa imetundikwa, lazima ivaliwe na muuzaji mwenyewe, na namba yake ya simu iandikwe chini. Kanuni hiyo ilizaliwa hapo hapo benchini, baada ya Kilomita kununua koti kwa picha ya kuokota mtandaoni, akaletewa koti la mtoto. Aliyeitunga ni Gundi. Wenzake walimpigia makofi.

Kwa hiyo binti alivaa. Alijipiga picha, akaikata shingoni ili uso usionekane, akaweka jina la biashara mahali pa jina lake, na namba mpya. Wateja wakaja. Na pamoja na wateja wakaja wengine, wanaume, mmoja mmoja, pembeni, nje ya kundi, ambako hakuna shahidi. Asubuhi ile alimkabidhi baba yake simu akamwambia, “Soma mwenyewe, baba, mimi siwezi kusimulia.” Gundi akasoma. “Gauni zuri, ila ningependa kuliona likivuliwa.” “Uko peke yako?” “Mbona hujibu, unajiona nani?” Kisha ikaja picha, ambayo aliifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Wanaume kumi na mmoja. Binti alikuwa ameshajitoa kwenye kundi, na cherehani yake ameitangaza kuuzwa.

Basi Gundi alikuja na ombi moja tu: Mwalimu awatoe watu hao kundini, kabla cherehani haijapata mnunuzi. Lakini aibu ilimshika ulimi, akaanza kwa kuzunguka. Akasema kuna binti mmoja, wa mtu fulani, anasumbuliwa na wanaume wa kundini.

Wakaipokea mada kwa mikono miwili, kama wapokeavyo mada yoyote. Kilomita akasema hao si watu, ni mitambo. Ziko kompyuta mahali zinatongoza mchana kutwa bila kula wala kunywa, na binti akijibu tu, zinamfahamu mpaka saizi ya kiatu. Mwalimu akakataa. Alieleza kwamba mwanga wa kioo cha simu hulainisha ile sehemu ya ubongo inayotunza haya, ndiyo maana mtu anayeona aibu kuomba chumvi kwa jirani anaweza kuandika upuuzi wowote. Alipoulizwa amelipata wapi hilo, alisema amelisoma kundini.

— Mtu wa hapa hawezi, alisema Wembe, na yeye ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote. Hapa tunaheshimiana. Hao wametumwa na soko la upande wa pili watuvunjie kundi.

— Wametumwa kutongoza? aliuliza Kilomita. Kazi hiyo wanatangaza wapi, nipeleke barua?

Walicheka. Gundi naye alijikuta anacheka, kidogo, kwa mazoea.

— Mwalimu, nikikupa namba, utawatoa?

Mwalimu akasema msimamizi husikiliza pande zote mbili. Akasema huenda binti ndiye aliyeanza, watoto wa siku hizi hawatabiriki. Akasema ukitoa wanaume kumi na mmoja kwa siku moja, kundi litabaki na matangazo ya misiba. Ambacho angefanya, na angekifanya jioni hiyo hiyo, ni kuweka tangazo la kukumbushana kuheshimiana, na picha ya maua.

— Na huyo binti naye, alimalizia Mwalimu, apunguze kubana hizo nguo.

— Anavaa kwa sababu sisi tulimwambia avae, alisema Gundi. Halafu akaona hakuna tena pa kuzungukia. Ni mwanangu, Mwalimu.

Kilomita aliweka kikombe chini. Wembe akasimama wima.

— Nipe hizo namba, kaka. Nitawafuata mmoja mmoja. Mwanao ni mwanangu.

Na ilikuwa kweli. Nywele za kwanza za yule mtoto zilinyolewa na Wembe, kabla hajajua kukaa. Mpaka leo humwita baba mdogo. Gundi hakumtazama usoni. Alitazama juu ya kichwa chake, pale ukutani ambapo namba ya simu ya kinyozi imeandikwa kwa rangi nyekundu. Miaka tisa amekuwa akiisoma bila kutaka. Asubuhi ile aliikuta ndani ya simu ya binti yake, ikiuliza kama yuko peke yake. Ndipo alipoelewa kwa nini kwa wiki mbili mwanawe amekuwa akizunguka njia ya tangi la maji kwenda dukani. Yeye alidhani anakwepa tope.

— Moja unayo, alisema. Iko ukutani kwako.

Wembe aligeuka akaisoma namba yake yote, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayetumaini imebadilika. Akakaa.

— Sikujua ni yeye, kaka. Picha haina uso. Ningejua ni yeye, haki ya Mungu nisingeandika.

— Ulidhani ni nani?

— Nilidhani ni mtu tu.

Gundi alingoja wenzake waseme neno. Mwalimu akasema binadamu huteleza, na ya benchini yaishie benchini. Kilomita, kwa nia ya kupoza, akaungama kwamba hata yeye aliwahi kumwandikia binti huyo, ila yeye aliulizia suruali, pamoja na kamzaha kadogo tu. Akammiminia Gundi kahawa. Mkono wa Gundi ukapokea. Alifikiria kuinuka, alifikiria kumkaba mtu, alifikiria kubeba sanduku lake ahamie kona nyingine; lakini wateja wake wanamjua hapa, na kona zote za mtaa zina wanaume wenye simu. Akabaki amekaa. Wanne walewale, kwa mpangilio uleule, wakinywa.

Akatokea mama mmoja asiyejulikana mtaani, nyuma yake mwanamume akisukuma mkokoteni mtupu. Aliwasalimia kwa heshima, akaulizia kwa fundi anayeuza cherehani. Wembe akamwelekeza kwa kidevu, bila kufikiri, kama aelekezavyo wageni wote. Mama akashukuru, akapiga hatua mbili, akarudi.

— Samahanini, kaka zangu. Hiyo cherehani nimeiona kwenye picha, bado inang’aa. Ina ubovu gani hata anaiuza?

Mwalimu alichungulia ndani ya birika. Kilomita alijinyoosha mgongo. Wembe aligeukia dukani kwake, ambako hapakuwa na mteja. Gundi alifungua sanduku lake, akaanza kuhesabu misumari.

— Kwani huyo binti hamumfahamu?

Alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha akamwashiria mwenye mkokoteni, wakakata kona kuelekea kwa fundi.