Waitikiaji wa Kibiriti

Benchi letu lipo Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, kati ya fundi baiskeli na duka la mbolea. Alasiri ile kahawa ilikuwa chungu na kashata hazikuguswa. Ilikuwa siku ya tisa tangu tumzike Hashiru, maarufu kwa jina la Kibiriti, mwimbaji wa ngoma kutoka Kisarawe, aliyeimba juu ya watu kunyang'anywa mashamba mpaka akalala rumande mara mbili. Miaka mitatu ya mwisho hakuimba hata harusini. Hicho ndicho tulichokuwa tunabishania.

— Alinunuliwa, alisema Gregori, karani mstaafu tunayemwita Afisa. Mtu wa kuimba vile hanyamazi bure. Alikatiwa kiwanja Mbwawa.

— Kiwanja gani, Afisa? aliuliza Ambokile wa bodaboda, jina la kijiweni Antena, maana hakuna habari inayompita. Mzee kafia kwenye nyumba ya udongo, paa linavuja.

— Basi alinunuliwa kwa bei ya kutupa.

— Alilishwa kitu, alisema Shabani, ambaye ni Dokta kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi hospitalini Tumbi. Siku ile ya mkutano wa hadhara alipewa soda imeshafunguliwa. Wiki moja tu, koo likakauka.

— Koo limekauka na bado alikuwa anakugombeza sokoni kwa bei ya mkaa? aliuliza Antena.

— Kuongea na kuimba ni mishipa tofauti! Niulizeni mimi.

— Dokta, wewe ulikuwa unafungua geti.

Tulicheka kidogo, kisha kicheko kikaona aibu. Antena akashusha sauti.

— Sauti yake wameichukua. Ipo kwenye mashine, Dodoma. Uchaguzi ukija itatuimbia tumchague wanayemtaka wao.

— Wameichukuaje, na mwenyewe alikataza kurekodiwa kwa simu ngomani? aliuliza Afisa. Alisema anayetaka wimbo akae naye.

— Ndiyo maana ilibidi waibe!

Salumu, muuza kahawa, aligonga vikombe vyake.

— Mnavyomchambua! Miaka yote hiyo mitatu, nani kati yenu alikwenda kumjulia hali?

Hapo ndipo alipofika Faudhia, binti wa marehemu, kajifunga kanga nyeusi, daftari mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

— Asanteni. Baba zangu, Jumatatu kesi ya mashamba inasikilizwa upya. Orodha ya kijiji ya wenye mashamba iliungua zamani. Kaya zote arobaini na tatu, kila moja na mpaka wake, baba alizitaja kwenye wimbo, ubeti kwa ubeti. Nimeambiwa nyinyi hamkukosa ngoma yake.

— Hata moja! alisema Afisa. Miaka ishirini tumemwitikia.

— Kwani yeye hakukuachia? aliuliza Antena.

— Alikuwa anasahau. Ilianza mipaka, yakafuata majina ya watu, mwisho hata jina langu. Akaona aibu kusimama mbele za watu. Alikuwa akikaa mlangoni ananiambia, usihofu, waitikiaji wangu watakuja, wimbo wanao wao.

Afisa aliweka kikombe chini taratibu.

— Tunao, mwanangu. Andika.

Dokta akaanza kupiga makofi, yale ya ngoma ya Kibiriti, mawili mazito na moja jepesi. Antena akadaka, Afisa akapokea, na sauti tatu zikapanda pamoja:

— Yupo, na shamba lake lipo! Yupo, na shamba lake lipo!

Zilipanda vizuri hata fundi baiskeli akaacha spana. Kisha zikatulia zote kwa pamoja, kama zilivyozoea, zikimsubiri mwimbaji aingie.

Faudhia alikuwa hajaandika neno.

— Hiyo naijua, alisema. Kabla ya hapo anasema nini?

Afisa alianza tena kibwagizo kilekile, akakiachia njiani. Antena alitazama barabarani. Makofi ya Dokta yaliendelea peke yake, mawili mazito na moja jepesi, kisha mawili, kisha moja, kisha nayo yakaacha.