Kura Sita za Watu Watano

Tangazo la Tume ya Kurejesha Imani ya Wapiga Kura lilibandikwa ukutani, nyuma ya benchi la kahawa. Lilisema imani imepotea, hivyo kila mtaa ulete msemaji mmoja ukumbini saa nne asubuhi, atoe maoni kwa dakika tatu, bila hisia. Sindano, fundi cherehani, alitaka dakika hizo kwa kufa na kupona. Jana binti yake alimwambia hajiandikishi: kupiga kura ni kumpigia mbuzi gitaa. Hakulala vizuri.

Shida, wenzake wa kijiwe nao walikuwa na maoni. Profesa, mkutubi mstaafu, alitaka viti vya bunge vigawanywe kwa uwiano: chama kikipata theluthi ya kura, kipewe theluthi ya viti, basi. Breki, dereva wa lori, akaona haitoshi. Wino upakwe ulimi wa mbunge, si kidole cha mpiga kura, ili akiahidi mara ya pili ajulikane. Gundi, mshona viatu, akataka wabunge wakae bungeni pekupeku mpaka barabara zitengenezwe.

— Kinyozi hajinyoi.

— Hiyo inaingiaje hapo, Gundi? aliuliza Profesa.

— Itaingia tu. Kunywa kahawa.

Mama wa kahawa akachoka. Akamwaga masalio ya birika, akaliweka katikati: wanaotaka kwenda ukumbini ni Sindano na Profesa, pigeni kura. Sindano akakata vitambaa, vyeupe vyake, vyeusi vya Profesa. Wakapiga watano, mama mwenyewe akiwemo. Birika likatoa vitambaa sita, vitatu kwa vitatu.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Breki, akitazama juu.

Kijiwe kikawaka. Profesa alimtaka mwenye mkasi ajieleze. Mwenye mkasi akauliza nani alikaa karibu na birika. Gundi aliapa kwamba kitambaa kimoja kimezaa, na Breki akauona mkono wa nchi jirani.

Binti yake Sindano, aliyekuja kuchukua ufunguo wa duka, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Shikamooni. Kwani katika nyie wagombea wawili, nani alikuwa tayari kushindwa?

Profesa alipangusa miwani iliyokuwa safi. Sindano alimtazama mwanawe usoni. Hakuona kejeli, na hilo ndilo lililomuuma.

— Turudie, alisema. Mama ampe kila mtu viwili, cheupe na cheusi. Unachokitaka kwenye birika, kingine kwenye kikombe. Kisha vyote vihesabiwe hapa hapa, kila mmoja akiona.

Birika likatoa vyeusi vitatu, vyeupe viwili. Kikombe kikathibitisha.

Sindano alimnyooshea Profesa mkono.

— Umeshinda, Profesa. Ila waambie na hili: kura zihesabiwe mbele ya watu, pale pale zilipopigwa, kabla sanduku halijaenda popote. Usiposema, nitasema mimi kutoka viti vya nyuma.

— Nitaanza nalo.

Binti akautia ufunguo mfukoni.

— Duka nitafungua mchana, baba. Nataka nisikie hiyo Tume itamjibu nini.

Hakusema kama atajiandikisha. Sindano naye hakuuliza. Alikaza mwendo, maana saa nne ilikaribia, na viti vya nyuma huwahiwa.