Ukurasa wa Kumi na Nne wa Mwalimu Chumvi

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Chumvi, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1954 katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba, fundi cherehani. Alianza shule mwaka 1962, akahitimu ualimu mwaka 1977, akafundisha kemia katika shule moja hadi alipostaafu mwaka 2014.

Mwaka 1979 aliandika kijitabu cha mazoezi chenye jalada la kijani, nakala mia mbili. Ukurasa wa kumi na nne ulisema kwamba metali ikiungana na kisicho metali, elektroni huhama kabisa.

Miaka minne baadaye, kwa kufuata kanuni hiyo, aliwaambia wanafunzi kuwa kloridi ya alumini itastahimili moto kama chumvi ya mezani. Unga ule ulipowekwa motoni haukungoja hata kuyeyuka. Uligeuka moshi mweupe, ukatokea dirishani. Fundi wa maabara, dada mpole, akasema, "Mwalimu, chumvi yako imeaga." Baada ya kipindi dada huyo alimweleza kaka kwamba ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji kubwa, hivyo huvuta wingu la elektroni za kloridi mpaka zinakuwa karibu mali ya wote wawili. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984. Marehemu alisema alimwoa ili asisahihishwe tena mbele ya watu. Wifi yetu husema hakufanikiwa.

Kijitabu kilikuwa kimeshasambaa, na kila mwaka alikuwepo mtoto aliyepoteza alama kwa kukiamini. Jambo hilo lilimnyima raha. Alianza kuzitafuta nakala zote ili azisahihishe.

Machi 2021 figo zake zilianza kushindwa. Siku za kusafishwa damu alikwenda hospitalini na kalamu nyekundu na nakala alizokuwa amezipata.

"Mzee, pumzika, hayo yameshapita," muuguzi alimwambia.

"Kwangu yamepita, binti. Kwa mtoto wa kidato cha tatu ndiyo kwanza yanaanza."

Mungu alimwita Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi. Alikuwa amesahihisha nakala mia moja themanini na saba.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili. Nakala kumi na tatu hazijapatikana. Aliye nayo asiichane. Afungue ukurasa wa kumi na nne, na baada ya neno "kabisa" aandike: "si kila mara".

Mungu ampokee kaka yetu, ampe pumziko la amani.