Mashine ya Presha ya Balozi

Mwaka wa tisini na saba, mvua zimegoma na viwanda vinafungwa kimoja baada ya kingine, kijiwe cha stendi ya Same kilibaki na benchi, birika la kahawa ya tangawizi iliyotoka Mamba, mlimani, na sheria yake moja: ukiweka kitu benchini, ni cha wote. Gazeti la wote, redio ya wote. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mashine ya presha ya mzee Elirehema, waliyemwita Balozi kwa sababu aliwahi kuongoza nyumba kumi. Daktari alimwambia apime kila asubuhi kwa wiki, Jumatatu ailete mashine yenyewe, yeye asome namba ilizotunza, ndipo aamue kama vidonge vinamtosha. Jumatatu ndiyo hiyo imefika. Balozi kaoga, kavaa shati la kanisani, roho yake kwatu.

— Kidude kama saa! alijisifu Ibrahimu, mchuuzi aliyeileta kutoka Dubai, na Dubai ndilo likawa jina lake. Unafunga mkononi, inajijaza upepo yenyewe, namba hizo hapo. Na bado! Zinakuja za kupiga simu zenyewe. Umelala zako kijijini Mhezi, presha ikipanda, daktari wa Dar anajua kabla yako.

— Mhezi kuna simu? aliuliza Balozi.

— Itafika! Si kila kitu ruksa siku hizi?

Athumani alicheka mpaka akakohoa. Huyu walimwita Geji, kama kile kipimo cha injini. Alikaa miaka ishirini na mbili na injini ya kiwanda cha mkonge, hadi walipompunguza kazi.

— Mwili ni injini tu, jamani. Mimi nilikuwa naweka bisibisi sikioni, ncha kwenye injini, najua beringi ipi inachoka. Hao wataalamu wataishia kutufunga geji ndani ya mshipa. Taa nyekundu ikiwaka kifuani, unakwenda kumwaga oili.

— Na itaongea! alidakia Dubai. Kwa Kiswahili safi: Balozi, punguza chumvi!

— We! Mke wangu akiisikia?

— Huyo ndiye itakayemwambia kwanza!

Wakacheka, vikombe vikagongana. Balozi naye alicheka, maana mashine ilikuwa yake na sifa zilikuwa zake.

Ndipo akapita Honorata, muuguzi wa zahanati, akielekea kazini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Njoo uone namba zangu, alisema Balozi. Siku saba, sikukosa hata moja.

Honorata alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, akakunja uso.

— Baba, siku saba, mbona humu zimo kumi na tisa?

— Aa, wenzangu nao walionja kidogo.

— Mia thelathini na mbili. Mia ishirini na nane. Mia... Honorata alisita. Mia mbili na kumi, chini mia na thelathini. Hii ya nani?

— Si yangu, alisema Dubai upesi.

— Wala yangu, alisema Geji. Ningesikia.

Balozi alihisi jasho chini ya shati la kanisani. Kama ni yake, vidonge vyake havifui dafu. Kama si yake na daktari akamwongezea, vitamwangusha njiani. Aliogopa, na hakujali nani anamwona.

— Mashine imetunza namba, haikutunza jina, alisema Honorata. Na mwenye namba hii anaweza kupooza hapa hapa huku anacheka. Wekeni vikombe chini. Nusu saa, hakuna kahawa, hakuna kuongea. Kisha nawapima mmoja mmoja, naandika na majina.

Hakuna kuongea! Kijiweni! Lakini wakanyamaza. Basi la Lembeni likaingia, likapakia, likaondoka, na hakuna aliyelitania.

Katika kimya kile Balozi akaona jambo ambalo kelele zilimficha wiki nzima. Geji alikuwa anajiminya kisogo. Jana pia alijiminya, na juzi, na wao wakamtania kuwa amelalia mto mbaya.

Nusu saa ilipotimia, Honorata aliinua mashine.

— Naanza na nani?

Balozi alichukua mkono wa rafiki yake, akaanza kumkunjia shati. Geji, fundi aliyesikia kila beringi, akamwachia mkono.